Nyigu chini ya paneli za sola: jinsi ya kuwaondoa bila kuanguka na bila kuharibu mtambo

Kati ya bati na paneli ya sola kuna nafasi ya sentimita 10 hadi 15 hivi. Fundi huiacha makusudi ili hewa ipite, kwa sababu paneli ikichemka sana umeme wake hupungua. Nafasi hiyo nyigu wanaipenda mno: ina kivuli, mvua haifiki, upepo haupigi sana na hakuna anayepitapita. Nyumba inaweza kukaa miaka bila kiota hata kimoja, halafu zikifungwa paneli na mvua za kwanza zikinyesha, wageni wameshahamia.

Kazi yangu ni sola, na kila msimu napigiwa simu kuhusu jambo hili. Kinachonisumbua ni kwamba anayepiga mara nyingi ana kopo la dawa mkononi tayari, au ameshamtuma kijana apande. Watu wanaogopa sumu ya nyigu. Mimi naogopa zaidi ngazi. Mtu mzima asiye na mzio akiumwa na nyigu wawili watatu atavimba, atalala na maumivu, kesho ataamka aendelee na shughuli zake. Mtu huyohuyo akiumwa akiwa juu ya bati lenye mteremko, atarusha mikono na kuteleza, na chini kuna sakafu ya saruji. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa sharti moja: usikutane na nyigu kwa mara ya kwanza ukiwa juu. Kila unachohitaji kukijua, kijue ukiwa umesimama chini.

Hatua ya 1: Weka kiti, tazama

Chagua siku ya jua, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, wadudu wakiwa kazini. Kaa mahali unapouona vizuri ukingo wa paneli, umbali wa mita nane au kumi, na utulie kwa robo saa nzima. Simu yenye kamera nzuri inasaidia: vuta picha karibu, piga video, kisha uirudie taratibu.

Tazama wanaingilia upande gani, wanapita mmoja mmoja au kwa foleni, na wamebeba nini. Halafu uzunguke nyumba yote. Angalia ncha za reli za alumini zinazoshikilia paneli, mdomo wa bomba linalopitisha waya kuingia ndani, kisanduku cha breka (swichi ya kukatia umeme), na ukutani pale inveta ilipofungwa, ile mashine inayogeuza umeme wa sola uwe wa kuendeshea vyombo vya nyumbani. Usiguse chochote bado.

Paneli zikiwa katikati ya paa, huenda usione kitu ukiwa chini. Hapo funga simu kwenye mwanzi mrefu, washa video, na uipeleke polepole hadi ukingoni mwa paneli alfajiri kukiwa bado na baridi. Usiigonge paneli. Mtikisiko wa fremu unafika kwenye kiota moja kwa moja, na nyigu huhisi mtikisiko kabla hajakuona wewe.

Hatua ya 2: Mjue mdudu

Hatua hii ndiyo inayoamua mengine yote, na ndiyo watu wanayoiruka. Chini ya paneli za huku kwetu nakutana na wadudu wa namna tatu, na kila mmoja ana dawa yake.

*Nyigu wa karatasi.* Huyu ndiye mwenye kile kiuno chembamba. Ana rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, au nyeusi, na akiruka miguu yake mirefu inaning'inia nyuma. Hukwangua nyuzi za mbao kwenye nguzo kuukuu, fito na vipande vya mti mkavu, akazitafuna na mate yake, akajenga karatasi ya kijivu. Kiota kinaning'inia kwa kikonyo kimoja kwenye fremu ya paneli, hakina kifuniko, na vyumba vyake vinatazama chini. Ukivuta picha ya simu utaona ndani ya vyumba vilivyo wazi mabuu meupe yenye vichwa vidogo vya kahawia, na vyumba vingine vimezibwa kwa utando mweupe: humo ndimo wachanga wanapogeuka kuwa nyigu kamili. Huyu hulinda nyumba yake. Ukisogea karibu mno, walio juu ya kiota hugeuka wote wakakutazama na kuinua mabawa. Hilo ni onyo, na anayeliheshimu akarudi nyuma polepole kwa kawaida haumwi. Mwiba wa nyigu haunasi mwilini kama wa nyuki, kwa hiyo mmoja anaweza kukuuma mara nyingi.

*Nyigu wa udongo.* Mweusi, mara nyingi ana miguu na kiuno chenye manjano, na utamwona peke yake. Anakuja amebeba donge dogo la tope, anatua, unasikia mlio kama wa kuchimba, kisha anaondoka kufuata donge jingine. Kiota chake ni vichuguu vya udongo vilivyobandikwa kwenye fremu, mgongoni mwa paneli au ndani ya bomba la waya. Nilipovunja kimoja kilichokauka, ndani ya chumba kirefu kisichozidi kidole changu cha mwisho kulikuwa na buibui wadogo wamepangwa kama dagaa kwenye kopo, laini bado, hawajafa ila hawatikisiki. Mama yao huwadunga wakapooza, huwajaza chumbani, hutaga yai moja na kuziba. Huyu halindi kiota. Karibu umuume wewe ndipo akuume.

*Nyuki.* Hawa utawajua kwa foleni: wanaingia na kutoka bila kukoma kwenye upenyo mmoja, na ukitulia unasikia mvumo. Kama ni bonge la nyuki lililoning'inia nje, bila sega, hao ni kundi lililo safarini na limepumzika. Liache. Mara nyingi linaondoka lenyewe baada ya saa kadhaa au siku mbili tatu. Zima tu shughuli zote za upande huo, fungia mbuzi na mbwa mbali, waambie majirani. Lakini wakishaanza kujenga masega ya nta chini ya paneli, mwongozo huu unaishia hapo kwako. Nyuki wa Afrika hutoka kwa mamia, na anayeuma huacha harufu inayowaita wenzake. Mtafute mfugaji nyuki mwenye mavazi kamili na kifukizio, au ulizia afisa nyuki kwenye halmashauri ya wilaya. Mfugaji mzuri atawahamishia kwenye mzinga, na mara nyingi atafurahi kuwapata.

Hatua ya 3: Amua kama kuna haja ya kuwaondoa

Hapa naomba usikimbilie. Nyigu wa karatasi huwinda viwavi na kuwalisha watoto wake, na tangu viwavijeshi vamizi waingie Afrika mwaka 2016 kila anayelima mahindi anajua kiwavi ni adui wa namna gani. Kiota kilicho juu kabisa ya paa, mbali na dirisha, mbali na njia, ambako hakuna atakayepanda mwezi huu wala ujao, mimi nakiacha. Kiota cha nyigu wa udongo kilichobandikwa kwenye fremu tu nacho nakiacha hadi siku ya kuosha paneli.

Kuna viota visivyosubiri. Kilicho karibu na mahali pa kuegemezea ngazi, kilicho juu ya dirisha au mlango, kilicho ndani ya kisanduku chochote cha umeme, na kiota chochote cha nyigu wa karatasi kwenye nyumba yenye mtu aliyewahi kubanwa pumzi au kuvimba uso baada ya kuumwa na mdudu. Vivyo hivyo kama watoto wameshakigundua. Watoto hurusha mawe. Jiwe moja likipiga paneli, kioo chote kinapasuka vipande vidogovidogo hata kama hakikuanguka, na paneli iliyopasuka ikilowa haiguswi kwa mkono.

Kama umeingia kwenye habari hii kwa sababu umeme wako umepungua, anza kwingine. Vumbi, kivuli cha mwembe uliokua, betri iliyochoka: hivyo ndivyo vinavyopunguza umeme. Nyigu wanahusika pale tu wanapobandika tope juu ya kioo, au wanapoziba matundu ya hewa ya inveta na kuifanya ichemke.

Hatua ya 4: Zima mtambo kwa mpangilio

Paneli haina swichi yake yenyewe. Maadamu jua linaipiga, waya zake zina umeme, hata kama umezima kila kitu ndani ya nyumba. Kipaneli kimoja cha wati 100 kinachowasha taa na redio kinatoa volti 22 hivi kisipobeba mzigo, na hizo hazikuui. Lakini kwenye mitambo mikubwa ya siku hizi paneli nyingi huunganishwa mfululizo, volti zikajumlishana hadi kupita 100, na nyingine hufika mia kadhaa. Umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri) wa kiwango hicho unaua, na ukichomoa kiungio chake kikiwa na mzigo unatoa mwali mrefu usiozimika haraka.

Fuata mpangilio huu:

1. Zima mizigo: friji, pampu, televisheni. Kisha zima inveta.
2. Zima breka au swichi ya DC inayotoka kwenye paneli.
3. Kama kuna haja ya kutoa betri, itoe sasa, mwishoni. Kwenye mitambo yenye kidhibiti chaji (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), betri ikitolewa paneli zikiwa bado zimeunganishwa, kidhibiti kinaweza kuungua.

Hata baada ya hapo, kipande cha waya kutoka paneli hadi kwenye breka bado kina umeme mchana. Usichomoe viungio vya paneli kwa sababu ya nyigu. Hakuna haja hiyo. Kama mtambo umeunganishwa na umeme wa gridi pia, zima na breka ya upande huo.

Mwache mtu mmoja ndani ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayewasha kitu.

Hatua ya 5: Andaa mwili, ngazi na maji ya tanki

Muda unaofaa ni magharibi, jua likiwa limeshazama lakini bado unaona unapokanyaga, au alfajiri sana. Nyigu karibu wote wamerudi nyumbani, wamepoa, hawaruki kwa wepesi, na paneli karibu hazina umeme. Usiku wa giza totoro sikushauri, kwa sababu ileile ya ngazi. Ukihitaji taa, usiivae kichwani: nyigu aliyeshtuka huufuata mwanga hadi usoni kwako. Iweke pembeni mbali na wewe, na uifunge nailoni nyekundu. Mwanga mwekundu hawauoni vizuri.

Vaa suruali nzito, miguu yake ichomekwe ndani ya soksi na buti. Shati la mikono mirefu au ovaroli ya rangi nyepesi. Glavu za ngozi. Kofia pana, juu yake kipande cha chandarua cha zamani kilichochomekwa ndani ya kola. Chini ya chandarua vaa miwani. Usijipake manukato siku hiyo.

Ngazi isimame mahali pagumu, kila mita nne kwenda juu mguu wake utoke ukutani mita moja. Ncha yake ipite ukingo wa paa kwa mita moja hivi, na isiegemee mfereji wa maji ya mvua. Mtu mzima aishike muda wote. Naye avae kama wewe, maana nyigu wakishuka watamkuta yeye kwanza. Kabla ya kazi yenyewe, jaribu kupanda na kushuka ukiwa na mavazi yote hayo. Chandarua kinapunguza kuona, na glavu zinabadilisha namna ya kushika.

Sasa maji. Nyumba nyingi zenye sola zinakinga mvua kutoka kwenye bati lilelile. Chochote utakachopulizia juu kitashuka na mvua ijayo hadi kwenye simtanki, na kutoka hapo hadi kwenye sufuria. Kabla hujaanza, chomoa bomba linaloshusha maji kutoka mfereji hadi tankini, au uligeuze limwage nje. Lisirudishwe hadi mvua moja kubwa iwe imeosha paa lote. Sijawahi kuona hili likiandikwa kwenye kopo la dawa, na kwangu ni la lazima hata ukitumia sabuni tu.

Hatua ya 6: Kuwaondoa

*Kiota cha udongo.* Lowesha kwa kitambaa chenye maji, subiri kilainike, kisha kibandue kwa kipande cha mti au mwiko wa plastiki. Usitumie kisu wala bisibisi mgongoni mwa paneli. Ule mgongo mweupe au mweusi ni plastiki nyembamba inayozuia unyevu usiingie kwenye umeme. Ukiuchana, paneli inaanza kuvujisha umeme siku za mvua na hutajua chanzo chake. Kiota chenye matundu ya mviringo kimeshahamwa. Kisicho na tundu bado kina mtoto ndani. Kikiwa ndani ya bomba la waya, usisukume waya mwingine kukitoboa. Fungua bomba mtambo ukiwa umezimwa, au muite fundi.

*Kiota cha karatasi ambacho ndiyo kwanza kinaanza.* Hiki ndicho cha kuombea. Kina vyumba vichache, kina nyigu mmoja au wachache, na hakijazidi kizibo cha chupa. Alfajiri, kwa mwanzi mrefu, kata kikonyo kwa pigo moja la pembeni na uondoke. Usikae kutazama. Siku inayofuata rudi uone kama wameanza tena, wakianza, rudia. Wakikosa utulivu wanahama.

*Kiota cha karatasi kilichokomaa.* Kikipita ukubwa wa kiganja, au kikiwa na nyigu zaidi ya unavyoweza kuhesabu kwa mtazamo mmoja, chaguo langu la kwanza ni maji ya sabuni. Chukua bomba la kupulizia dawa, lile la mkulima lenye mkono mrefu, liwe limeoshwa vizuri. Tia maji safi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita. Nyigu hupumua kwa vitundu vidogo ubavuni. Maji matupu hayapenyi hapo, yenye sabuni yanapenya na kumziba. Anaanguka ndani ya dakika moja au mbili.

Panda hadi kichwa chako kipite kidogo ukingo wa paa, mguu wako ukiwa bado kwenye ngazi. Usipande juu ya bati: sabuni ikimwagika kwenye mteremko wa bati, hakuna buti litakaloshika. Simama pembeni mwa kiota, usiwe chini yake. Rekebisha mdomo wa bomba utoe mkondo mmoja ulionyooka, lenga penye kikonyo na nyigu wengi, na usiache kupuliza hadi kiota kizima kimelowa. Ukisita katikati ndipo wanapotoka. Kisha shuka taratibu, nenda mbali, ngoja nusu saa. Baadaye kiangushe kwa mwanzi, ukichome mbali na nyumba au ukifukie, na usuuze bati kwa maji safi ukiwa chini.

Paneli imetengenezwa ivumilie mvua, kwa hiyo mkondo huu hauidhuru. Usiuelekeze kwenye viungio vya waya wala kile kisanduku kidogo cheusi kilicho mgongoni mwa paneli, na kamwe usipulizie inveta, kidhibiti chaji au breka. Mashine ya kuoshea magari isije karibu kabisa.

*Dawa ya dukani.* Ipo nafasi yake, hasa pale kiota kisipofikiwa na maji. Dawa nyingi za wadudu warukao zina viambata vya jamii ya pareto, lile ua linalolimwa nyanda za juu za Mbeya na Iringa na huko Nakuru nchini Kenya; huwaangusha nyigu upesi. Lakini gesi inayoisukuma kutoka kwenye kopo inashika moto, na vimiminika vyake vinaweza kupasua plastiki ya viungio vya waya baada ya muda. Puliza kwenye kiota peke yake, mtambo ukiwa umezimwa na paneli zimepoa, na usisimame mahali upepo unapokupiga usoni. Ni sumu kali kwa samaki na kwa paka. Kuku nao wafungiwe siku hiyo, maana watakimbilia mabuu yaliyoanguka, na mabuu yenye dawa si chakula cha kuku ambaye utamla wewe.

Kuna njia tatu za mtaani nazipinga kwa nguvu zote. Kijinga cha moto au gazeti lililowashwa: mgongo wa paneli ni plastiki, kenchi ni mbao, na ukiunguza sehemu moja dhamana ya paneli imekwenda. Petroli, dizeli au mafuta ya taa: vinashika moto, vinalainisha ganda la waya, vinaingia tankini. Oili chafu iliyopakwa kwenye fremu ili "wasirudi": inakusanya vumbi, inachafua maji, na nyigu wanahamia fremu ya pili.

Wakitoka ukiwa juu

Shika ngazi. Najua mwili utataka kuruka, shika ngazi. Inamisha uso kwenye mkono, shuka ngazi moja moja, ukifika chini kimbia uingie ndani na ufunge mlango. Usipigepige hewa kwa mikono. Mkubaliane na mshika ngazi kabla ya kuanza kwamba haachii hadi mguu wako uguse ardhi, hata naye akiumwa.

Palipoumwa osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa baridi, vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Kama ni nyuki, ukwangue mwiba haraka kwa ukucha au kadi ngumu. Dawa ya mzio kama cetirizine inapunguza mwasho.

Nenda hospitali papo hapo, bila kungoja kuona itakuwaje, mtu akivimba midomo, ulimi au uso, akikoroma au kubanwa pumzi, akitokwa na vipele mwili mzima, akitapika au kulegea. Anahitaji sindano ya adrenalini, na dakika zinahesabika. Mlaze, inua miguu. Akibanwa pumzi mkalishe. Aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni naye aende. Mtoto au mzee aliyeumwa mara nyingi aende hata kama anaonekana mzima, kwa sababu sumu nyingi inaweza kudhuru figo baadaye. Tanzania namba ya dharura ni 112, na zimamoto na uokoaji ni 114. Kenya ni 999 au 112.

Hatua ya 7: Ziba wanapoingilia

Nyigu waliokuwa nje usiku ule watarudi kulitafuta eneo lao kwa siku mbili tatu. Waache wazunguke. Baada ya hapo futa mahali kikonyo kilipokuwa kwa kitambaa cha sabuni, na uanze kuziba.

Ncha za reli za alumini ni mashimo ya wazi; ziwekee vifuniko vyake vya plastiki, au silikoni. Mdomo wa bomba la waya uzibe kuzunguka waya kwa silikoni, ukitazama chini ili maji yasikae. Viungio vya akiba visivyotumika vivishe vifuniko. Nyigu wa udongo hawezi kupita tundu la saizi yake bila kulijaza. Mambo haya yamewahi kufikiriwa kuwa chanzo cha msiba mkubwa: ndege ya Boeing 757 iliyoanguka karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, tarehe 6 Februari 1996 na kuua watu wote 189, wachunguzi walihitimisha kwamba kibomba chake cha kupimia mwendo kilikuwa kimezibwa, na wakamshuku nyigu wa udongo. Ndege ilikuwa imeegeshwa bila vifuniko.

Usizibe vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya fremu ya paneli, wala kisanduku cha mgongoni; vimewekwa makusudi. Inveta nayo usiivishe chandarua, itachemka. Weka wavu wa mbu kwenye madirisha ya chumba ilimo, mzunguko wa hewa ubaki palepale.

Wengi wananiuliza kuhusu kuzungushia paneli wavu wa waya. Wavu wa kuku au wa ndege hauzuii nyigu hata kidogo. Wa kumzuia nyuki unatakiwa tundu lisizidi milimita 3, na wavu mdogo hivyo unanasa majani na vumbi, hewa haipiti, paneli zinachemka. Kwa hiyo kwa nyigu siufungi. Naona bora macho: ukaguzi wa robo saa kila mwezi, na kila wiki mbili katika miezi ya mvua, ukiwa chini na simu yako. Kiota kinachokamatwa kikiwa na vyumba vichache hakihitaji ngazi wala dawa. Mafuta ya karafuu yaliyopakwa kwenye mbao za ukingo wa paa huwachelewesha kidogo, ila mvua ikipita yamekwisha, yasiguse waya.

Hatua ya 8: Kuwasha

Asubuhi inayofuata, tazama kwanza kama kila kitu kimekauka na kama kuna waya uliovutwa au kiungio kilicholegea. Kisha washa kwa kurudi nyuma: betri kwanza kama ulikuwa umeitoa, halafu breka ya paneli, halafu inveta, mizigo mwishoni. Saa sita mchana soma wati kwenye kioo cha inveta au kidhibiti na ulinganishe na siku ya kawaida yenye jua kama hilo. Zikiwa chini sana, au inveta ikitoa onyo la kuvuja kwa umeme, zima tena na umuite fundi, na umwambie ulipuliza nini na upande gani. Akija kupanda, umwoneshe pia mahali kiota kilipokuwa kabla hajaegemeza ngazi yake.